Mwongozo kamili wa kusoma prufu na kukagua nakala za awali za kitabu

Kitabu kikitoka na makosa, mara nyingi si kwa sababu hakikusomwa. Kimesomwa na mwandishi, na rafiki yake, na mhariri, pengine na mwalimu wa Kiswahili pia, na kila mmoja ameokota makosa kumi au ishirini. Tatizo ni kwamba wote walisaka kila kitu kwa mkupuo mmoja, kila mtu kwenye faili lake, na hakuna aliyerudi kuhakikisha kwamba alichokisahihisha kimeingia kweli kwenye kurasa.

Mwongozo huu ni wa mwandishi anayejichapishia na wa mchapishaji mdogo asiye na idara ya uhariri. Unaanzia pale mswada umekwisha kuhaririwa. Kama bado unahamisha sura au unabadilisha mwisho wa hadithi, hujafika kwenye prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa zinazokaguliwa kabla ya kuchapwa. Rudi ukamalize uhariri, maana kila sentensi mpya inayoingia baada ya kurasa kupangwa ni sentensi ambayo mhariri hakuiona.

## Mahitaji

Kusanya haya kabla hujaomba prufu ya kwanza:

- Mswada wa mwisho ulioidhinishwa, faili moja tu, lenye tarehe kwenye jina lake.
- Prufu ya PDF pamoja na nakala yake ya karatasi, iliyochapwa upande mmoja kwa ukubwa halisi. Kusoma kwenye skrini pekee hakutoshi.
- Kalamu nyekundu na ya buluu, rula ya sentimita 30, na kadi nyeupe ya kufunikia mistari ya chini.
- Kamusi moja mliyokubaliana, ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) au ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Chagueni moja, kwa sababu kamusi hazikubaliani kwenye kila neno.
- Karatasi ya mtindo, ambayo imeelezwa kwenye hatua ya 2.
- Watu wawili wasiokuwa mwandishi. Mwandishi atasoma pia, lakini ubongo wake unayajua maneno kabla macho hayajayafikia, kwa hiyo anaona alichokusudia kuandika.

Muda nao ni kifaa. Msomaji makini wa prufu humaliza kurasa 8 hadi 12 za A5 kwa saa anapolinganisha na mswada. Kitabu cha kurasa 192 kinataka saa zipatazo 20 kwa raundi ya kwanza, yaani siku nne au tano za kazi, kwa sababu baada ya saa nne au tano kwa siku macho huanza kuruka mistari. Pumzika kila baada ya dakika 45. Anayekuahidi kurudisha prufu kesho yake ataisoma kama gazeti.

## Hatua ya 1: Funga mswada

Lipe faili la mwisho jina lisilo na utata, kwa mfano *Jina-la-kitabu_MWISHO_2025-03-14*, kisha hamisha matoleo mengine yote kwenye folda ya ZAMANI. Majina kama "mpya", "mpya2" na "mwisho kabisa" ndiyo chanzo cha msiba mkubwa kuliko yote katika kazi hii: kupanga kurasa kutoka faili lisilo sahihi.

Nyumba kubwa za uchapishaji pia hupatwa. Mwaka 2010, toleo la Uingereza la riwaya *Freedom* ya Jonathan Franzen lilichapwa kutoka rasimu ya zamani badala ya faili la mwisho. Nakala zilikuwa zimeshafika madukani, na mchapishaji akalazimika kuziondoa sokoni na kuwabadilishia wasomaji.

Kabla ya kumpa faili msanifu, yaani anayepanga kurasa kwa kompyuta, fanya pia usafi wa kompyuta: futa nafasi mbili mbili baina ya maneno, kubali au kataa mabadiliko yote ambayo programu iliyawekea alama wakati wa uhariri, ondoa maoni ya pambizoni. Usafi huu huchukua nusu saa kwenye mswada. Ukiuacha ufanyike kwenye prufu, utakula siku nzima na fedha za msanifu.

Tahadhari. Usitumie amri ya kutafuta na kubadilisha maneno yote kwa mkupuo bila kuamuru programu izingatie herufi kubwa na neno zima. Ukimbadilisha mhusika kutoka "Ali" kuwa "Juma" bila kufanya hivyo, "alikwenda" itakuwa "Jumakwenda" na "mbali" itakuwa "mbJuma". Hata ukizingatia herufi kubwa peke yake, "Alikwenda" iliyo mwanzoni mwa sentensi itaharibika.

Utajua umefaulu pale msanifu, mhariri na mwandishi, kila mmoja kwa wakati wake, wanapotaja jina lilelile la faili.

## Hatua ya 2: Tengeneza karatasi ya mtindo

Ni ukurasa mmoja au miwili inayorekodi maamuzi ya kitabu hiki. Kazi yake ni kuwazuia wasomaji wawili kusahihishana: mmoja anaandika "vilevile", mwingine anarudisha "vile vile", na msanifu anawatoza wote.

Andika angalau haya: maneno yanayoungwa na yanayotengwa (mbalimbali, polepole, kwa hiyo, kwa sababu), "ndiyo" na "ndio" kila moja mahali pake, "gari lile" au "gari ile", namna ya kuandika fedha (Sh 5,000 au TSh 5,000 au 5,000/=), tarehe, na saa. Saa inahitaji uamuzi wa wazi hasa katika vitabu vilivyotafsiriwa, kwa sababu 8:00 ya Kiingereza ni saa mbili, na kosa la saa sita halionekani kwa mtu asiyelitafuta. Ongeza majina yote ya wahusika na mahali kwa tahajia yake kamili. Kama kitabu kina mazungumzo ya Kimvita, Kiunguja au Sheng, andika wazi kwamba lahaja hiyo ni ya makusudi, ama sivyo msomaji mwenye bidii ataisanifisha yote.

## Hatua ya 3: Soma prufu ya kwanza kwa kulinganisha

Raundi hii ina swali moja: je, kila kilichokuwa kwenye mswada kimefika kwenye kurasa? Usihukumu mtindo. Usifurahie hadithi.

1. Weka mswada kushoto, prufu kulia. Funika mistari ya chini kwa kadi.
2. Hesabu aya za kila sura pande zote mbili. Aya iliyodondoka haionekani kwa kusoma tu, kwa sababu iliyotangulia na iliyofuata zote zina maana.
3. Linganisha mwanzo na mwisho wa kila sura neno kwa neno. Hapo ndipo maandishi hukatika wakati wa kuhamishwa.
4. Angalia herufi za mlazo na nzito. Hupotea kimyakimya faili linapotoka programu moja kwenda nyingine.
5. Hesabu tanbihi: namba ndani ya matini na maelezo chini ya ukurasa lazima zilingane.

Mkiwa wawili, mmoja asome mswada kwa sauti, akitaja hata alama ("mkato", "nukta", "aya mpya", "funga usemi"), na mwingine afuate kwenye prufu. Ni njia ya polepole, na kwa majedwali, mashairi na vitabu vya hesabu hakuna inayoishinda.

Kitabu chenye Kiarabu, kama vile cha dini au cha historia ya pwani, kinahitaji ukaguzi wake peke yake. Programu isiyowekwa kwa ajili ya mwandiko wa kulia kwenda kushoto huzitenganisha herufi zinazopaswa kuungana, au huugeuza mstari mzima ukaanza kushoto kwenda kulia. Asiyesoma Kiarabu ataona mapambo mazuri tu. Mpe anayekijua, na mpe asili pamoja na prufu. Akilikuta kosa, msanifu abadilishe mpangilio wa programu. Asikubali kupanga herufi kwa mkono, maana mstari ukisogea kidogo zitavurugika tena.

## Hatua ya 4: Soma tena, safari hii kwa ajili ya Kiswahili

Programu nyingi za kukagua tahajia zina msamiati mdogo wa Kiswahili, na hata zile bora haziwezi kuona makosa yanayotuumiza zaidi, kwa kuwa kila neno limeandikwa sawasawa. Raundi hii inafanywa na jicho, na ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote.

### Upatanisho uliovunjika

Hili ndilo kosa namba moja katika vitabu vilivyohaririwa. Mhariri amebadilisha nomino na kusahau mnyororo wake. "Kitabu hiki kimeandikwa kwa lugha nyepesi na kinafaa vijana" inageuzwa kuwa "Riwaya hii imeandikwa kwa lugha nyepesi na kinafaa vijana." Kiambishi cha kwanza kimerekebishwa, cha pili kimebaki yatima mwishoni mwa sentensi.

Kwa hiyo kila penye sentensi ndefu, rudi kwenye nomino na ufuatilie vitenzi, vivumishi na viunganishi vyake hadi nukta. Kagua kwa makini zaidi ngeli ambazo umbo la umoja na wingi ni moja: nyumba, barua, alama, sheria. "Barua yake zilifika" hupita mbele ya macho ya watu wazima wenye shahada.

### Maneno halali mahali pasipo pake

Matamshi huingia kwenye kalamu, na neno linalozaliwa nalo liko kwenye kamusi:

- *thamani* na *samani*; *dhana* na *zana*
- *mahali* na *mahari*. *Kalamu* na *karamu*. *Kura* na *kula*
- *hajali* na *ajali*. *Hama* na *ama*
- *baada*, *baadhi* na *badala*. *Ili* na *ila*

Tafuta kila moja ya maneno haya kwenye PDF kwa amri ya kutafuta na uyatazame yote moja baada ya jingine. Kwa kitabu kizima kazi haizidi saa mbili. Kama unamjua mwandishi, ongeza jozi zake. Kila mtu ana zake.

### Ng' na alama yake

Andika ng' kwa namna moja kitabu kizima. Kinachotokea ni kwamba sura moja ina alama iliyonyooka, nyingine ina iliyopinda, na ya tatu, iliyotumwa kwa simu, ina alama inayoelekea upande usio wake. Mhusika akisema neno lenye ng' ndani ya alama za usemi za mkato mmoja, programu hudhani usemi umefungwa. Tafuta maumbo yote matatu na uyafanye kuwa moja. Kisha tafuta "ngombe", "ngambo", "ngaa" na "ngoa" ili kuyanasa yaliyopoteza alama kabisa. Amri hiyo itakuletea pia maneno halali kama "shangaa", kwa hiyo tazama kila moja kabla ya kuligusa.

### Maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari

Programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye lugha ya Kiingereza hukata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza: *wanan-chi*, *mwanam-ke*, *ng'om-be*. Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, na konsonanti za *mb, nd, ng, nj, nz, ny, sh, ch, dh, th, gh* hazitenganishwi. Ilipaswa kuwa *wana-nchi*, *mwana-mke*, *ng'o-mbe*. Wala usiache herufi moja peke yake mwishoni, kama *m-toto*.

Suluhisho rahisi ni kumwambia msanifu azime ukataji wa maneno katika kitabu kizima. Hasara yake ni kwamba maneno yetu ni marefu, na mistari iliyonyooshwa pande zote mbili itaacha mashimo meupe baina ya maneno. Kwenye safu nyembamba, kama za kitabu cha watoto chenye picha, acha upande wa kulia usiwe umenyooka. Kwenye riwaya ya A5, zima ukataji kisha ruhusu kwa mkono pale tu penye shimo baya, kwa kufuata silabi.

Utajua umefaulu ukichukua kurasa kumi zisizofuatana, ukampa mtu ambaye hajakiona kitabu, na asipate kosa la upatanisho hata moja. Akipata mawili, rudia raundi.

## Hatua ya 5: Kagua kila kisichokuwa matini

Kurasa za mbele husomwa haraka kwa sababu zinachosha, na ndizo zenye makosa ya aibu: jina la mwandishi, jina la aliyetabarukiwa, mwaka.

ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya utambulisho wa kitabu. Linganisha iliyo kwenye ukurasa wa haki miliki, nyuma ya jalada, chini ya mistari ya msimbo (barcode), na kwenye barua ya aliyeitoa (Kenya ni Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, Tanzania ni Bodi ya Huduma za Maktaba). Kisha ihakiki kwa hesabu. Chukua tarakimu 12 za mwanzo. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, na kuendelea hivyo. Jumlisha. Tarakimu ya 13 ndiyo inayohitajika kuifikisha jumla kwenye kigawe cha 10. Kwa mfano 978-0-306-40615-7: jumla ya 12 za mwanzo ni 93, zinabaki 7 kufika 100, na 7 ndiyo ya mwisho. Hesabu ikikataa, kuna tarakimu imeandikwa vibaya. Vitabu vingi vya Kenya huwa na 9966 baada ya 978, na vya Tanzania 9976 au 9987. Ukiona ya nchi nyingine, huenda msanifu alinakili ukurasa wa kitabu kingine. Toleo la kielektroniki lina ISBN yake tofauti.

Yaliyomo. Fungua kila sura na ulinganishe kichwa neno kwa neno, kisha namba ya ukurasa. Ifanye kazi hii mwisho, na uirudie kwenye kila prufu, kwa sababu kurasa husogea.

Namba za kurasa. Witiri ziwe kulia, shufwa kushoto. Vichwa vya juu ya kurasa vilingane na sura inayosomwa. Kila penye "tazama ukurasa wa…" nenda ukatazame.

Picha na majedwali. Maelezo yaendane na picha iliyo juu yake. Majedwali yajumlishwe upya kwa kikokotoo. Nambari za simu zipigwe, na anwani za tovuti zifunguliwe.

Mistari iliyoachwa peke yake. Mstari mmoja wa mwisho wa aya usikae juu ya ukurasa mpya ukiwa umetengwa na wenzake. Usimwombe msanifu abane nafasi za herufi. Mwombe mwandishi apunguze maneno mawili matatu kwenye aya hiyo.

Idadi ya kurasa. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa kurasa 16 au 32. Kurasa 196 ni mikunjo 12 ya 16 na nne za ziada, na hizo nne utazilipia kwa bei isiyolingana nazo. Zishushe hadi 192, au tumia nafasi hadi 208. Muulize mchapaji mapema anakunja ngapi.

## Hatua ya 6: Weka alama na kusanya masahihisho sehemu moja

Kwenye karatasi, kila sahihisho lina alama mbili: moja ndani ya mstari kuonyesha mahali, nyingine pambizoni kuonyesha cha kufanya. Msanifu hasomi matini; anatembeza jicho pambizoni. Alama iliyo ndani ya mstari pekee haitaonekana. Makosa mawili kwenye mstari mmoja yaandikwe pambizoni kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, yakitengwa kwa mkwaju (/).

Nyekundu iwe ya makosa ya msanifu, buluu iwe ya mabadiliko ya mwandishi au mchapishaji. Rangi hizi huamua nani analipa. Msanifu anapaswa kurekebisha makosa yake bure, na ana haki ya kutoza mabadiliko yako.

Kwenye PDF, tumia vitufe vya kuingiza, kufuta na kubadilisha maneno. Usibandike kijikaratasi cha njano kilichoandikwa "rekebisha hapa", kwa sababu anayepokea hajui kosa ni lipi. Wala usitume masahihisho kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Msanifu hawezi kuuweka mbele ya macho yake wala kuuwekea alama ya "tayari".

Mtu mmoja tu ahamishe masahihisho ya wasomaji wote kwenye nakala kuu. Wawili wakipingana, karatasi ya mtindo iamue. Ikinyamaza, mhariri aamue na uamuzi uandikwe humo.

## Hatua ya 7: Prufu ya pili

Hapa ndipo vitabu vingi huachwa. Watu huamini kwamba kilichoandikwa pambizoni kimefanyika. Chukua prufu ya kwanza iliyojaa alama na ya pili iliyo safi, na kwa kila alama:

1. Hakikisha sahihisho limeingia, tena kwa usahihi.
2. Soma mstari mzima, pamoja na mmoja juu na mmoja chini yake. Kosa jipya huzaliwa jirani ya sahihisho: neno limerudiwa, mkato umemezwa, nafasi imepotea.
3. Fuata aya hadi mwisho uone kama mistari imesogea.
4. Linganisha neno la mwisho la kila ukurasa katika prufu zote mbili. Yakifanana, kurasa zilizobaki hazikusogea. Yakitofautiana, kagua tena yaliyomo, tanbihi na picha kuanzia hapo.

Weka vema (✓) kwenye kila alama iliyothibitishwa. Masahihisho yakizidi matano kwa kila kurasa kumi, omba prufu ya tatu. Kwenye raundi hii mwandishi haruhusiwi kupendezesha sentensi. Arekebishe kilicho kosa tu.

## Hatua ya 8: Nakala za awali za wahakiki

Hizi ni prufu zilizojalidiwa zinazotangulia kwa wahakiki, walimu, maduka na waandishi wa dibaji. Uingereza na Marekani hutengenezwa kutoka prufu ya kwanza, kwa kuwa majarida ya huko yanahitaji nakala miezi mitatu au zaidi kabla ya kitabu kutoka. Kwa soko la Afrika Mashariki, wiki sita hadi nane zinatosha. Kwa maoni yetu ni bora kusubiri prufu ya pili: wahakiki wa vitabu vya Kiswahili ni wachache, na aliyekutana na makosa kwenye nakala ya awali atayakumbuka hata ukimwambia yamesahihishwa.

Chapa nakala 15 hadi 30 kwa mtambo wa dijitali. Kwenye jalada la mbele andika wazi: PRUFU ISIYO YA MWISHO. SI YA KUUZWA. Nyuma weka tarehe ya kutoka, bei, idadi ya kurasa, ISBN kwa maandishi bila mistari ya msimbo, na anwani ya mchapishaji. Ongeza ombi kwamba anayetaka kunukuu alinganishe kwanza na kitabu kamili. Mistari ya msimbo iachwe ili nakala hizi zisipitishwe dukani.

Zipe nambari, na uweke daftari la nani kapewa ipi. Ukituma PDF, jina la mpokeaji lionekane kwenye kila ukurasa. Faili lisilo na jina likiingia kwenye kundi moja la WhatsApp halirudi tena, na kitabu chako kitakuwa kimesomwa bure kabla hakijatoka.

Wahakiki watakuletea makosa. Yapokee hadi tarehe uliyoipanga, angalau wiki moja kabla ya faili kwenda mtamboni.

## Hatua ya 9: Jalada na prufu ya mchapaji

Pima unene wa mgongo kwa karatasi itakayotumika kweli. Gawanya kurasa kwa mbili upate majani, zidisha kwa unene wa jani. Karatasi ya bondi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, kurasa 192 ni majani 96, yaani milimita 9.6, na kwa jalada ni kama 10. Jalada zima la A5 litakuwa 148 + 10 + 148, pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande: upana 312, kimo 216. Karatasi ya rangi ya maziwa huwa nene zaidi kwa gramu zilezile, kwa hiyo mwombe mchapaji kipimo chake. Mgongo uliokosewa kwa milimita mbili husogeza jina la kitabu hadi ukingoni.

Mistari ya msimbo iwe myeusi juu ya nyeupe, isipunguzwe chini ya asilimia 80 ya ukubwa wa kawaida (takriban milimita 37 kwa 26), na iachiwe nafasi tupu pande zote mbili. Usiichape kwa nyekundu. Vifaa vya kusomea havioni nyekundu.

Mchapaji atakuletea prufu yake kabla ya kuchapa. Hapa usisome tena kitabu. Angalia kurasa zote zipo na kwa mpangilio, herufi hazikubadilika (hasa ng' na Kiarabu), picha hazikufifia. Saini kwa tarehe. Baada ya saini hiyo, kosa lililokuwemo kwenye prufu ni lako.

## Hatua ya 10: Nakala za kwanza kutoka mtamboni

Kabla mzigo haujaondoka kiwandani, dai nakala 5 hadi 10 zilizotolewa mwanzoni, katikati na mwishoni mwa uchapaji. Kwa vitabu vinavyochapwa India au China, zije kwa ndege kabla kontena halijapakiwa kuelekea Mombasa au Dar es Salaam. Hili liandikwe kwenye mkataba, pamoja na sharti kwamba salio la malipo hulipwa baada ya wewe kuziidhinisha.

Kagua kila nakala hivi:

- Pekua kurasa zote ukitazama namba tu. Mkunjo unaweza kurudiwa, kuruka au kugeuzwa juu chini.
- Subiri saa 24 tangu kujalidiwa, fungua katikati hadi kitabu kilale, kisha vuta jani moja kwa nguvu ya wastani. Likitoka, gundi ni dhaifu.
- Kunja jani kwa wepesi kwa urefu, kisha kwa upana. Linapaswa kukunjika kirahisi zaidi kwa kufuata mgongo. Ikiwa kinyume, nyuzi za karatasi zimelazwa vibaya, na kurasa zitajipinda kwenye unyevunyevu wa pwani.
- Inua jani kwenye mwanga: mistari ya pande mbili ilale mahali pamoja.
- Sugua picha nyeusi kwa kidole uone kama wino unatoka.
- Kwaruza pembe ya jalada kwa ukucha uone kama plastiki inabanduka.
- Soma msimbo kwa simu.

Ukilikuta kosa, amua kwa uzito wake. Mkunjo uliorukwa au gundi inayoachia ni kosa la mchapaji: andika barua, ambatisha picha, kataa mzigo. ISBN iliyokosewa inaweza kufunikwa kwa stika. Jina la mtu lililokosewa, au kipimo cha dawa au cha mapishi kinachoweza kumdhuru msomaji, kinahitaji jani hilo libadilishwe au karatasi ya masahihisho ibandikwe ndani ya kila nakala, bila kujali gharama. Herufi moja iliyopotea katikati ya sura ya saba iache. Iandike kwenye nakala moja iliyowekewa alama ya KUU, uihifadhi ofisini na usiiuze. Uchapaji wa pili utaanzia kwenye nakala hiyo, pamoja na faili la mwisho alilotumia mchapaji, ambalo unapaswa kulidai siku unayolipa salio.